Damu Katika Choo: Tuutazame Utumbo kwa Mpira Wenye Taa

Somo letu la leo linahusu jambo ambalo watu wengi hulionea haya. Ni damu inayotoka wakati wa kwenda haja kubwa. Wengi wakiiona hufunika choo na kunyamaza. Wengine huja zahanati, lakini hulisema wakiwa wamesimama mlangoni, tayari kuondoka: "Daktari, ni bawasiri tu. Nipe dawa niende."

Mimi siyo daktari. Mimi ni tabibu msaidizi mwenye cheti, nina umri wa miaka 26, nami hufanya kazi katika zahanati moja huku juu milimani, wilaya ya Same. Lakini kijijini kila avaaye koti jeupe huitwa daktari, na jina hilo lina deni lake.

Leo tutajifunza jinsi madaktari wanavyoweza kuutazama utumbo mpana kwa ndani bila kupasua tumbo. Tutaona pia jinsi wanavyotumia mwanga na rangi kutambua uvimbe wa hatari na usio wa hatari. Soma polepole. Kama mwenzako hajaweza kusoma vizuri, msomee.

KOSA LANGU

Kwanza nikueleze kosa nililolifanya. Mzee mwenyewe ameniruhusu nilieleze, ila jina lake tuliache.

Alikuja kwangu mara ya kwanza wakati wa kupalilia. Ana miaka 61, ni rika la baba yangu. Alisema anaona damu kidogo katika choo. Nikamwuliza kama kuna maumivu. Akasema hakuna. Nikampa dawa ya kupaka ya bawasiri, nikamshauri anywe maji mengi. Sikumpima. Nilimwonea haya, naye alinionea haya. Ni yeye aliyenifundisha kuzibua mfereji nilipokuwa mtoto. Ningemwambiaje avue suruali alale kitandani?

Baada ya miezi miwili akarudi. Nikampa dawa ileile. Mara ya tatu alikuja na mkewe, na mama yule ndiye aliyesema. "Mwanangu," aliniambia, "huyu baba yako siku hizi anapumzika mara tatu akipanda kutoka shambani. Na suruali zake zote zimekuwa kubwa."

Nikamfunua ukope wa chini. Ulikuwa mweupe. Viganja vyake pia vilikuwa vyeupe. Katika hospitali ya wilaya, Same mjini, walipima damu yake wakakuta 6. Mwanamume mzima anatakiwa awe na 13 au zaidi. Aliongezewa damu, akapewa karatasi ya rufaa. Nikaomba ruhusa kazini, nikamsindikiza. Nilisema nakwenda kumsaidia kubeba mzigo. Ukweli ni kwamba nilishindwa kulala.

MFEREJI WA NDANI

Kabla hatujafika huko, tuujue utumbo wenyewe. Chakula kikitoka katika tumbo huingia katika utumbo mwembamba, ambao ni mrefu sana. Kisha mabaki huingia katika utumbo mpana. Huu una urefu wa kama mita 1 na nusu. Hupanda upande wa kulia wa tumbo, hukata kuelekea kushoto, hushuka, hujipinda, na kuishia katika puru, yaani mahali choo kinapongojea kutoka. Kazi yake kubwa ni kunyonya maji na kukausha choo.

Sisi watu wa Upare tunajua mambo ya maji. Ndiva hujaa usiku, asubuhi tunaifungua, maji hushuka kwa mfereji mpaka mashambani. Siku maji yakifika machafu, mtu mwenye shamba la chini hawezi kujua mfereji umebomoka wapi kwa kukaa na kuyatazama. Lazima mtu apande, aufuate mfereji hatua kwa hatua, mpaka apaone mahali penyewe.

Damu katika choo ni vivyo hivyo. Inakuambia kwamba kuna jambo. Haikuambii ni jambo gani, wala liko wapi. Huenda ni bawasiri, yaani mishipa ya damu iliyovimba karibu na mlango. Huenda ni mchaniko kwa sababu ya choo kigumu. Huenda ni ameba, au kuhara damu, au kichocho cha tumbo, au vidonda vya utumbo. Na huenda ni uvimbe unaoota ndani. Tena mtu mmoja anaweza kuwa na bawasiri na uvimbe kwa pamoja. Hapo ndipo wengi hudanganyika, wagonjwa na sisi waganga pia.

KINYAMA KINACHOOTA POLEPOLE

Pitisha ulimi wako ndani ya shavu. Unasikia ulaini na unyevu? Ndani ya utumbo ni hivyo. Wakati mwingine katika ulaini huo huota kinyama kidogo. Madaktari hukiita polipi. Polipi nyingine ina shina, kama uyoga. Nyingine haina shina, imekaa kama kipele. Nyingine ni bapa, imelala kama kuvu juu ya jiwe, na hizi bapa ndizo ngumu kuziona.

Polipi haiumi. Kwa kawaida hutajua kwamba unayo. Nyingi hazigeuki kuwa saratani maisha yote. Lakini ziko za aina ambayo hugeuka, nayo safari hiyo huchukua muda mrefu, mara nyingi miaka 10 au zaidi. Maana yake ni kwamba tuna nafasi kubwa ya kuiwahi. Polipi ikiondolewa ikiwa ndogo, saratani ambayo ingetoka hapo haitatokea.

Sasa fikiri nyumba ya miti na udongo. Ukuta wake una lipu ya ndani, kisha udongo, kisha fito na nguzo. Ukuta wa utumbo nao una tabaka namna hiyo. Saratani ya utumbo mpana huanza katika lipu. Ikiwa bado iko katika lipu, unakwangua lipu, basi. Ikishazama katika udongo mpaka kwenye fito, kukwangua hakutoshi. Lazima fundi abomoe upande ule na kuujenga tena. Kwa hiyo swali la daktari siyo tu "Je, kuna kitu?" Swali lake ni "Kimezama kiasi gani?"

MPIRA WENYE JICHO

Zamani madaktari walitumia bomba la chuma lililonyooka, lenye urefu wa kama sentimita 25. Bomba hilo liliona sehemu ya mwisho tu. Utumbo una kona, na chuma hakipindi.

Mwaka 1957 daktari Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika ya Kusini aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alijaribu mpira unaopinda ambao yeye na wenzake waliutengeneza. Ndani yake mlikuwa na nyuzi nyingi za kioo, nyembamba sana. Mwanga hupita katika nyuzi hizo hata zikipinda. Kabla hajautumia kwa mgonjwa, aliumeza yeye mwenyewe. Nampenda sana daktari huyo kwa jambo hilo. Mpira wake ulikuwa wa kutazama tumbo la juu. Mwaka 1969, katika mji wa New York, madaktari William Wolff na Hiromi Shinya walitumia mpira mrefu kuutazama utumbo mpana, wakaweza hata kukata polipi kwa kitanzi cha waya bila kulipasua tumbo. Baadaye, katika miaka ya 1980, nyuzi za kioo zilianza kuachwa. Kamera ndogo iliwekwa nchani mwa mpira, na picha ikaonekana katika televisheni.

Mpira wenyewe huitwa kolonoskopu. Unene wake ni kama wa kidole. Nchani una taa, kamera, na tundu dogo. Katika tundu hilo daktari hupitisha maji, au koleo ndogo ya kuchukua kipande cha nyama, au kitanzi cha kukatia polipi. Nje ya mpira kuna namba, kama rula, zinazoonyesha umeingia sentimita ngapi. Zikumbuke namba hizo, nitazirudia.

MWANGA NA RANGI

Kuona ni jambo moja, na kutambua ni jambo jingine. Ukichagua maharage jioni kwa kibatari, utayaona yote, lakini yaliyotobolewa na wadudu utayapitisha. Yachague juani, utayatupa mabovu. Ndivyo ilivyo katika utumbo. Kwa taa ya kawaida polipi bapa inaweza kufanana na ngozi ya jirani. Kwa sababu hiyo wataalamu wametafuta njia za kuifanya ijitokeze.

Njia ya kwanza ni rangi. Daktari hunyunyiza maji yenye rangi ya nili juu ya mahali anapopashuku. Rangi hii haiingii katika nyama. Hutuama katika vijibonde vidogo sana vya ngozi ya utumbo. Umewahi kusimama juu ya mlima asubuhi baada ya mvua, ukatazama mashamba ya bondeni? Maji yaliyotuama hukuonyesha kila tuta na kila mfereji. Rangi ya nili hufanya kazi hiyohiyo. Katika miaka ya 1990 daktari Shin-ei Kudo wa Japani na wenzake walizipanga alama hizo katika makundi. Zikiwa vitone vya mviringo vilivyopangika, hiyo ni ngozi nzima. Zikiwa kama nyota, kwa kawaida siyo hatari. Zikiwa ndefu kama vijibomba, au zimejikunja kama ubongo wa mbuzi, hiyo ni polipi inayofaa kuondolewa. Zikiwa zimevurugika, hazina mpango tena, daktari huhofia saratani.

Njia ya pili ni kubadilisha mwanga. Mwanga mweupe una rangi nyingi ndani yake, kama unavyoona katika upinde wa mvua. Mashine huzichuja, ikabakiza buluu na kijani tu. Damu huzinyonya sana rangi hizo mbili. Hivyo mishipa midogo ya damu hujitokeza kwa weusiweusi, kama mizizi juu ya udongo mweupe. Saratani hujiotesha mishipa yake yenyewe, nayo huwa imepindapinda na kukatika ovyo. Daktari hubonyeza kitufe, mwanga ukabadilika, hahitaji kunyunyiza kitu.

Ziko pia mashine zinazokuza picha mara nyingi, kama darubini. Na siku hizi iko kompyuta iliyofundishwa kwa picha nyingi za polipi. Daktari akipita haraka, kompyuta huchora kisanduku katika picha, kama mtu anayekuambia "Tazama pale." Marekani iliruhusu mashine ya kwanza ya namna hiyo mwaka 2021.

Usidhani kila hospitali ina vyombo vyote hivi. Na hata penye vyombo vyote, neno la mwisho husemwa na maabara. Kipande cha nyama hukatwa kidogo sana, hutazamwa kwa hadubini, ndipo ugonjwa huandikwa jina. Kazi ya mwanga na rangi ni kumwonyesha daktari mahali pa kukata, na kumsaidia kuamua kama aiache polipi, aitoe kwa kitanzi palepale, au ampeleke mgonjwa kwa mpasuaji.

TULICHOKIONA

Nirudi kwa mzee wangu. Alilala ubavu wa kushoto, amefunikwa shuka. Alichomwa sindano ya usingizi mwepesi. Niliruhusiwa kusimama nyuma karibu na ukuta.

Nilidhani tutangoja sana. Hatukungoja. Mpira ulipoingia tu, kitu kikaonekana katika televisheni. Kilikuwa chekundu, kimeinuka pembeni, katikati kina kidonda. Daktari alinyunyiza rangi ya nili. Pembeni niliona mistari. Katikati hapakuwa na mistari yo yote, palikuwa kama shamba lililokanyagwa na ng'ombe. Alichukua vipande kadhaa kwa koleo, akaendelea mbele, kwa sababu mfereji lazima ufuatwe wote. Huko juu alikuta polipi moja yenye shina, kubwa kama punje ya haragwe. Akaitia kitanzi, akaikata. Mzee hakusikia kitu.

Alipomaliza aliniuliza, "Kijana, wewe ndiye uliyemtibu huko zahanati?"

"Ndiyo, daktari."

"Ulimpima kwa kidole?"

"Hapana, daktari."

Hakunigombeza. Alinionyesha namba aliyoisoma katika mpira. Ilikuwa sentimita 6. Kidole changu kingefika pale siku ya kwanza, kwa glavu moja na mafuta kidogo, katika dakika mbili.

Majibu ya maabara yalikuja baadaye. Polipi ya juu ilikuwa ya aina inayogeuka, lakini ilikuwa bado haijageuka, nayo ilikwisha ondolewa. Kile cha chini kilikuwa saratani iliyokwisha kuzama katika ukuta. Mzee alipelekwa Dar es Salaam, katika taasisi ya saratani ya Ocean Road, akapigwa mionzi na kupewa dawa kwa wiki kadhaa. Kisha alipasuliwa. Sasa choo chake hutoka kwa tundu upande wa kushoto wa tumbo, kikaingia katika mfuko. Mwanzoni aliacha kwenda kanisani kwa kuogopa harufu. Mfuko ukibandikwa vizuri hautoi harufu, ila ilimchukua muda kuamini. Leo analima tangawizi yake, nusu ya shamba, nusu nyingine analima kijana wake. Hurudi kupimwa kwa tarehe anazopewa.

"SIYO UGONJWA WETU"

Nimesikia watu wakisema saratani ya utumbo ni ugonjwa wa Wazungu. Maneno haya yana asili yake. Denis Burkitt, mpasuaji mzaliwa wa Ireland, alifanya kazi Uganda tangu mwaka 1946 hadi miaka ya 1960, kwa muda mrefu katika hospitali ya Mulago. Aliona kwamba polipi na saratani ya utumbo mpana zilikuwa nadra sana kwa Waafrika wa vijijini, wakati Ulaya zilikuwa nyingi. Mwaka 1971 aliandika kwamba sababu ni chakula. Watu wa huku walikula nafaka zisizokobolewa, kunde na mboga. Choo chao kilikuwa kingi na laini, nacho kilipita upesi. Makande yetu yangemfurahisha sana mzee Burkitt.

Wataalamu wa leo bado wanakubali kwamba chakula chenye makapi husaidia kuukinga utumbo. Lakini kusaidia siyo kuzuia kabisa. Tena sisi wenyewe tumebadilika. Dona imeachia nafasi sembe, na katika kila stendi kuna chipsi na soda. Waliochunguza mafaili ya wagonjwa ya Muhimbili na Ocean Road ya kuanzia mwaka 2005 hadi 2015 waliona wagonjwa wa saratani hii wakiongezeka mara kadhaa. Na mimi naongeza maoni yangu: ugonjwa usiotazamwa hauandikwi popote. Wazee wangapi wa milimani walizikwa kwa "bawasiri" au kwa "kurogwa", na hakuna aliyewapima hata kwa kidole?

NANI AENDE, NA AJIANDAE VIPI

Njoo zahanati ukiona damu katika choo, hata kama haiumi. Njoo pia ikiwa choo chako kimebadilika kwa zaidi ya wiki tatu, ama kuhara, ama kufunga, ama kuwa chembamba kuliko kawaida. Kukonda bila sababu, kusikia haja kubwa na usipate kitu, au kupungukiwa damu kwa mwanamume au kwa mama aliyekwisha koma hedhi, hayo nayo yanataka kuchunguzwa. Choo cheusi na chenye kunata kama lami kinaweza kuwa damu ya tumbo la juu. Ila ukiwa unameza vidonge vya kuongeza damu, choo hubadilika kuwa cheusi kwa sababu ya dawa, kwa hiyo tueleze.

Kwetu zahanati tutakuuliza maswali, tutapima choo na damu, na tutakupima kwa kidole. Mimi sasa humpima kila mtu mwenye damu. Anayekataa namngoja, namweleza tena. Ikihitajika utapewa karatasi ya kwenda hospitali ya wilaya, na kutoka hapo kwenda hospitali ya rufaa. Kwa kanda yetu ya kaskazini hospitali kubwa ya rufaa ni KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971. Kutoka Same ni kama kilometa 100 kwa barabara ya lami. Kabla hujasafiri, omba hospitali ya wilaya ikuulizie siku ya kipimo, gharama, na kama bima yako inakubaliwa. Nauli inauma zaidi ukirudishwa.

Kazi kubwa ya mgonjwa ni kuusafisha utumbo. Choo kikibaki, daktari haoni kitu, hata mashine yake iwe nzuri namna gani. Siku mbili tatu kabla, acha makande, maharage, mboga za majani, na matunda yenye mbegu kama mapera na pasheni. Najua tumetoka kuyasifu makande. Ni mazuri kwa utumbo, ni mabaya kwa kamera. Kula wali, uji laini, mayai au samaki. Siku moja kabla, kunywa vitu vya majimaji tu: maji, chai ya rangi, mchuzi uliochujwa. Usinywe kinywaji chekundu, kwa kuwa kitafanana na damu. Utapewa dawa ya kuharisha yenye maji mengi. Inywe yote kama ulivyoelekezwa, mpaka unachotoa kiwe kama maji ya manjano yasiyo na kitu.

Dawa hiyo usiinywe ukiwa kijijini halafu ukapanda basi. Yupo aliyefanya hivyo, na abiria wa basi lile hawajasahau. Lala kwa ndugu au katika nyumba ya wageni karibu na hospitali, penye choo cha karibu. Ukiwa na kisukari, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mweleze daktari siku nyingi kabla. Vidonge vya kuongeza damu huachwa kama wiki moja kabla. Uende na mtu wa kukusindikiza, maana baada ya sindano utakuwa na usingizi, nawe hufai kupanda pikipiki peke yako.

Kipimo chenyewe huchukua kama nusu saa, pengine zaidi. Hewa huingizwa ili utumbo utanuke, basi utasikia tumbo limejaa na utajamba. Usione haya, pale hakuna anayecheka. Utafunikwa nguo. Mama anaweza kuomba muuguzi wa kike awe karibu. Mpira huoshwa na kuuliwa vijidudu kwa dawa kali kabla ya mgonjwa mwingine. Wanaume wengine wameniuliza kwa sauti ya chini kama kipimo hiki hupunguza uanaume. Hakipunguzi.

Sitakuficha kwamba hatari zipo. Mara chache sana utumbo hutoboka, au mahali palipokatwa polipi pakavuja damu. Ukirudi nyumbani ukasikia maumivu makali ya tumbo, au tumbo likawa gumu, au homa, au damu nyingi, usingoje asubuhi. Nenda hospitali ya karibu ukaseme kwamba ulipimwa kwa mpira.

NDUGU WA TUMBO MOJA

Mtu akipata saratani hii, ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake wako katika hatari zaidi kuliko watu wengine. Hawa hushauriwa kutazamwa hata kama hawaoni damu.

Mzee wangu ana mdogo wake, mwenye miaka 53. Nilimfuata nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza alinikaribisha chai, tukazungumza mvua. Mara ya pili alisema, "Mwanangu, mimi siumwi. Unataka nikatafute ugonjwa Moshi?" Nikamweleza habari ya ile polipi ya juu ya kaka yake, iliyokuwa kama punje ya haragwe, nayo haikuwa ikiuma. Akanyamaza. Karatasi ya rufaa nimekwisha mwandikia, iko mezani kwangu chini ya daftari la wagonjwa. Kila tukikutana gulioni hupita upande wa pili wa njia. Wiki iliyopita mkewe alikuja kumpima mtoto uzito. Alipoondoka aliniuliza nauli ya Moshi ni kiasi gani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

Kwa nini mtu mwenye bawasiri asiridhike kwamba damu yake ni ya bawasiri?

Kwa nini rangi ya nili humsaidia daktari kuona polipi bapa? Mweleze mwenzako kwa mfano wa shamba lako mwenyewe.

Katika kijiji chenu, mtu akitakiwa kwenda hospitali ya rufaa, nani humsaidia nauli na nani humsindikiza?

Mdogo wake mzee angekuwa ndugu yako, nani katika ukoo angefaa kuzungumza naye, na aanze na neno gani?